Kasisi wa Reli Ndogo

Hapa Kilimani, Nairobi, ukibisha hodi katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu au minne, usishangae ukakanyaga gari dogo la moshi mlangoni. Aghalabu litakuwa la rangi ya buluu, lina namba 1 ubavuni na uso wa binadamu mbele. Mwulize mtoto jina la gari hilo, atakujibu upesi kwamba huyo ni Thomas, na pengine akueleze na tabia zake. Lakini mwulize baba mtu ni nani aliyemtunga huyo Thomas, utamwona akikuna kichwa.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia mtaa huu wa Kilimani miaka mingi iliyopita, na swali hilo nimeliuliza katika nyumba nyingi nisipate jibu. Kwa hiyo nimeona si vibaya leo nimweleze msomaji maisha ya mtu huyo. Kwanza, ni maisha ya mtu aliyekuwa mkaidi katika jambo moja tu, nalo ni kusema kweli hata katika mchezo wa watoto. Pili, habari za reli si ngeni kwetu watu wa pwani. Reli iliyouzaa mji huu wa Nairobi ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa mwaka 1899, na mabwana wakubwa wa reli wakajengewa nyumba zao huku juu, kwenye vilima vya upande wa magharibi wa stesheni.

Mtu mwenyewe ni Wilbert Vere Awdry. Alizaliwa tarehe 15 Juni, 1911, katika kijiji cha Ampfield, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, naye alipenda reli kupita kiasi. Katika bustani ya nyumba yake alikuwa ametandika reli ndogo ya kuchezea, na mtoto Wilbert alianza kuyatambua magari ya moshi kabla hajaweza kusoma. Mzee huyo alikuwa na uziwi, lakini uziwi haukumzuia kwenda matembezi kando ya reli akiwa amemshika mwanawe mkono, wakizungumza na mafundi waliokuwa wakikaza mataruma. Kwa hiyo elimu ya kwanza ya kijana huyu kuhusu reli haikutoka vitabuni. Aliipata kwa wafanyakazi wenyewe, wenye mikono ya mafuta na makaa.

Baadaye familia ilihamia Box, mahali penye mlima na tanuri refu la reli lililotobolewa chini yake. Usiku, akiwa kitandani, Wilbert alisikia magari ya mizigo yakiupanda mlima ule. Injini moja ilivuta mbele na nyingine ikasukuma nyuma, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito na mwinuko mkali. Katika mawazo yake ya kitoto injini hizo mbili zilikuwa zikisemezana. Ile ya mbele ililalamika kwamba haiwezi, na ile ya nyuma ikaitia moyo kwamba inaweza. Msomaji uliyelala usiku Makupa au Changamwe, ukalisikia gari la moshi likiondoka bandarini kuelekea kwenye mwinuko wa Mazeras, huna haja ya kuelezwa zaidi. Sote tulipokuwa wadogo tuliyatia maneno magurudumu yale. Tofauti ni kwamba Awdry hakuyasahau.

Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Oxford, akamaliza mwaka 1932, kisha akasomea ukasisi. Kabla ya kuanza kazi hiyo alikwenda kufundisha katika shule ya St George's mjini Jerusalem, ndio mji wetu mtukufu wa Kudsi, tangu mwaka 1933 hadi 1936. Wakati huo Palestina ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na shule hiyo ilikuwa na vijana wengi wa Kiarabu, Waislamu kwa Wakristo. Huko ndiko alikokutana na mwalimu mwenzake, Bibi Margaret Wale, wakapendana, na mwaka 1938 wakafunga ndoa kwao Uingereza. Mungu aliwajalia watoto watatu: Christopher, Veronica na Hilary.

Sasa nifikie mtihani wake wa kwanza. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939, Awdry alikuwa kasisi msaidizi kijijini. Yeye aliamini kwamba vita ni haramu kwa mtu wa dini, na hakuificha imani hiyo. Wakati ule, nchi nzima ikiwa imeshika silaha, maneno kama hayo hayakuvumiliwa. Akaambiwa atafute mahali pengine. Akawa na mke, mtoto yu njiani, na kazi hana. Hatimaye askofu wa Birmingham, Ernest Barnes, ambaye naye alipinga vita, alimpokea na kumpa kazi katika kanisa la Kings Norton mwaka 1940. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumpinga. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba huyu hakuwa mtu wa kubadili neno lake kwa sababu ya hofu ya riziki. Tabia hiyo tutaiona tena mbele.

Mwaka 1942, mwanawe Christopher alishikwa na surua. Dawa ya siku hizo ilikuwa kumlaza mtoto katika chumba chenye giza na kungoja. Mtoto wa miaka miwili kumweka kitandani siku nzima ni kazi, na mzazi yeyote anaijua. Ndipo Awdry akaanza kumsimulia hadithi ya injini moja kuukuu, yenye huzuni, iliyosahauliwa bandani. Mtoto akaipenda na kuitaka tena. Lakini kila baba aliposahau akabadilisha neno, Christopher alimrudisha nyuma na kumsahihisha. Baba akaona njia ya kuepuka lawama ni kuandika. Akachukua makaratasi yaliyokwisha tumika upande mmoja, akaandika upande wa pili, na akachora picha ndogo za injini hizo.

Mtoto hakutosheka na hadithi tu, alitaka na magari yenyewe. Lakini wakati wa vita madukani hamkuwa na vitu vya kuchezea. Awdry akaokota vipande vya mbao, akachonga. Christopher alitaka injini kubwa, yule Gordon wa hadithini, lakini mbao zilizopatikana hazikutosha. Basi baba akachonga injini ndogo ya tangi, akaipaka rangi ya buluu. Huyo ndiye aliyeitwa Thomas. Kwa hiyo gari linalojulikana leo katika pembe zote za dunia lilizaliwa kwa sababu ya upungufu wa mbao.

Mkewe, Bibi Margaret, ndiye aliyemsukuma azipeleke hadithi zile kwa mchapishaji. Kitabu cha kwanza, kuhusu injini tatu, kilitoka mwaka 1945, na cha Thomas kikafuata mwaka 1946. Kuanzia hapo hadi mwaka 1972 Awdry aliandika vitabu 26, vyote vidogo vya kushikwa na mkono wa mtoto, huku akiendelea na kazi yake ya kanisa vijijini.

Ama siri ya vitabu hivyo ni nini? Kwa maoni yangu ni hii: injini zake zina nyuso na husema, lakini haziwezi kufanya jambo ambalo injini ya kweli haiwezi kulifanya. Haziruki hewani, haziendi zitakako, hazigeuki pasipo na reli. Zina dereva na mtia makaa, na zikivunja kanuni ya reli hupata ajali. Awdry alikuwa akikusanya habari za ajali na vituko kutoka magazeti na vitabu vya reli, na karibu kila kisa alichokiandika kilikuwa kimepata kutokea mahali fulani. Hata aibu yake mwenyewe aliitumia. Mwaka 1952 alijitolea kuwa gadi katika reli ndogo ya Talyllyn huko Wales, ambayo wapenzi wa reli walikuwa wameiokoa isife. Siku moja akapuliza filimbi, gari likaondoka, kumbe mama wa kuuza chai na vitafunio ameachwa stesheni, anakimbia nyuma. Kisa hicho kiliingia kitabuni.

Ukaidi wake juu ya usahihi uliwachosha waliofanya naye kazi. Watoto walikuwa wakimwandikia barua kuuliza kwa nini injini fulani imechorwa hivi ukurasa huu na vingine ukurasa ule, naye aliona kwamba watoto wana haki. Mchoraji wake, C. Reginald Dalby, aliposikia kwamba injini yake ya kijani imefananishwa na kiwavi mwenye mistari myekundu, alikasirika akaacha kazi. Hata mahali pa hadithi Awdry alipatafutia uthabiti. Mwaka 1950 alizuru Kisiwa cha Man, akagundua kwamba askofu wa huko huitwa askofu wa Sodor na Man. Man aliiona kwa macho, lakini Sodor haikuwapo. Akaona amepata kisiwa kisicho na mwenyewe. Akakiweka baharini baina ya Man na Uingereza, akakichorea ramani, na kwa msaada wa ndugu yake George akakitungia historia, milima, mito na ratiba za reli.

Isitoshe, akaijenga reli hiyo kwa mikono yake. Juu ya mbao alitandika reli ndogo, upana wake milimita 16.5 tu, akajenga stesheni ya mwisho ya njia ya Thomas na kuiita Ffarquhar. Reli hiyo aliipeleka katika maonyesho ya wapenzi wa reli ndogo, watoto wakaja kuona. Pale gari lilikwenda kwa mwendo wake wa haki, likasimama panapopasa, na mabehewa yakapangwa kama yanavyopangwa katika stesheni ya kweli.

Mtu wa namna hii ndiye ambaye televisheni ilimwendea mwaka 1953. Tarehe 2 Juni ya mwaka huo Malkia Elizabeth alitawazwa, na Waingereza wengi wakanunua televisheni ili waone sherehe hiyo. Majuma mawili hayakwisha, tarehe 14 Juni, BBC ikawaletea watoto hadithi ya Henry, injini iliyokataa kutoka katika tanuri kwa kuogopa mvua isiharibu rangi yake. Waliichezesha kwa magari madogo ya Hornby, juu ya reli iliyotandikwa katika studio zao za Lime Grove mjini London. Siku hizo michezo mingi ya televisheni ilikwenda hewani moja kwa moja, na kosa likitokea, limetokea mbele ya nchi nzima.

Na likatokea. Mahali reli zinapogawanyika, njia haikuwa imegeuzwa sawasawa. Injini ikaacha reli. Mara watazamaji wakaona mkono wa mtu, mkubwa kama wa jitu, ukishuka kutoka juu, ukaiokota injini na kuirudisha njiani, kisha hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Magazeti yakaliandika jambo hilo kwa kicheko. Awdry hakucheka. Mambo kama mwendo wa magari ulioshtuka-shtuka na njia isiyogeuzwa yalikuwa ndiyo aliyoyaona kila siku kuwa msingi wa kazi yake. Kwake yeye, mtoto aliyeuona mkono ule alikuwa ameambiwa kwamba yote ni uwongo. Ugomvi ukaingia baina yake na watayarishaji, na mpango wa kuendeleza hadithi zile ukafa hapo hapo.

Kutoka siku hiyo miaka 31 ilipita. Nauliza, ni wangapi kati yetu wangengoja miaka 31? Televisheni ilikuwa inakua, fedha zilikuwa huko, na jina lake lilikuwa kubwa. Mwaka 1965 alistaafu kazi ya uongozi wa kanisa, akahamia Rodborough, karibu na mji wa Stroud. Mwaka 1972 akaacha kuandika vitabu vile, kwa kuwa aliona visa vimemwishia. Mtu angeweza kudhani safari imefika stesheni ya mwisho.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitokea mama mmoja mtayarishaji wa filamu, Britt Allcroft. Alikuwa akitengeneza filamu kuhusu reli za mvuke, akakutana na mzee Awdry, akazisoma hadithi zake na kuzipenda. Mama huyu alihangaika miaka kadhaa kutafuta fedha, hata nyumba yake akaiweka rehani. Hatimaye tarehe 9 Oktoba, 1984, watoto wa Uingereza waliona katika ITV mchezo ulioitwa Thomas the Tank Engine and Friends, na msimulizi alikuwa Ringo Starr, yule mpiga ngoma wa Beatles.

Safari hii ilitandikwa reli ndogo iliyostahili jina hilo. Mwongozaji David Mitton na mafundi wake walichagua upana wa milimita 45, karibu mara tatu ya zile za mwaka 1953, na chini ya injini wakatumia mitambo ya Märklin ya Ujerumani. Injini kubwa namna hiyo huenda kwa uzito, haishtuki-shtuki. Ndani yake walitia kitu cha kutoa moshi, na macho yakageuzwa kwa mtambo wa kuongozwa kutoka mbali. Ama furaha, hasira na woga, kila moja ilikuwa na uso wake. Fundi alibandua uso mmoja na kubandika mwingine kabla ya kupiga picha. Midomo haikutikisika, kazi ya kusema akaachiwa msimulizi. Kila kisa kilichukua kama dakika tano. Ilikuwa filamu, si mchezo wa moja kwa moja. Gari likiacha reli, picha ilipigwa upya, na mkono wa mtu haukuonekana.

Awdry alikuwa na miaka 73. Ungetarajia kwamba mzee sasa atashukuru na kunyamaza. Hakunyamaza. Visa vilivyotoka vitabuni mwake vilimridhisha kwa kiasi, lakini miaka ya mbele watayarishaji walipoanza kutunga visa vyao wenyewe, aliona injini zikifanya mambo ambayo kanuni za reli haziruhusu, naye akasema wazi. Wapo waliomwona mzee msumbufu. Mchezo ulikuwa umekwisha vuka bahari hadi Marekani na Japani, vitu vya kuchezea vinauzwa kwa mamilioni, na yeye bado anauliza habari za ishara na kigeuza njia!

Bibi Margaret alifariki mwaka 1989. Katika heshima za mwaka mpya wa 1996 Malkia alimtunuku Awdry nishani ya OBE, lakini afya yake haikumruhusu kusafiri hadi London kuipokea. Alifariki nyumbani kwake Rodborough tarehe 21 Machi, 1997, akiwa na umri wa miaka 85. Mwanawe Christopher, yule mgonjwa wa surua, ndiye aliyeendeleza vitabu baada ya baba. Chumba alichokuwa akiandikia mzee kimepangwa upya katika jumba la makumbusho la reli huko Tywyn, Wales, kwenye reli ile ile alipomwacha mama wa chai.

Nimesema kwamba habari hii inatuhusu, na sasa nitaeleza zaidi. Mwaka 2018, miaka 21 baada ya kufa kwake, wenye haki za Thomas walimwongeza rafiki mpya katika mchezo huo, injini ya rangi ya machungwa kutoka Kenya. Walimwita Nia. Umbo lake limefuata injini za tangi za aina ya ED1 zilizofanya kazi katika reli ya Kenya na Uganda. Wakati huo reli ndogo za studio zilikuwa zimekwisha achwa, na tangu mwaka 2009 picha zote zilitengenezwa kwa kompyuta. Kwa hiyo Nia hakupata kukimbia juu ya zile reli za milimita 45.

Mimi nilifurahi kuliona jina la Kiswahili katika mchezo unaotazamwa dunia nzima. Na kwetu Waislamu nia si neno dogo. Sala na saumu zetu haziswihi bila hiyo. Lakini furaha yangu ilikuwa na kitu kinachochoma. Gari letu limesimuliwa na watu wa mbali, kwa umbo walilolitafuta katika picha za zamani, na sisi tuliokuwa na wenye gari wenyewe nyumbani tumekaa kimya. Wale mababu waliotia makaa katika injini za Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977, wale magadi wa Voi na Mtito Andei, mafundi wa Changamwe, ni wangapi wamekwisha zikwa pamoja na visa vyao? Gari la abiria la reli ya zamani baina ya Mombasa na Nairobi liliacha kwenda mwaka 2017, mwaka ule ule ilipofunguliwa reli mpya. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajui kwamba safari hiyo ilikuwa ya usiku kucha, wala hajui sauti ya magurudumu yale.

Awdry hakuanza na studio wala na fedha. Alianza na mtoto mgonjwa, karatasi iliyotumika upande mmoja na kipande cha mbao, akashikilia kwamba hata mtoto wa miaka miwili anastahili kuelezwa mambo yalivyo. Karatasi tunazo, na baadhi ya wazee wangali hai pale Mombasa, wanakaa barazani baada ya sala ya alasiri. Msomaji mwenye babu aliyefanya kazi ya reli namshauri amwendee juma hili na daftari, amwulize jina la injini yake, mwinuko uliomsumbua na ajali aliyoiona, ayaandike kama alivyoambiwa. Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa hapa Nairobi mwaka 1971, lina injini zilizokwisha poa. Maneno ya kuzitia uhai yako kwa wazee hao.